Jamaa ya Darasa Moja



Mwaka huu swali moja limetufikia mara kadhaa, nalo ni hili: Je, yafaa watu wazima, wenye watoto wa kulisha na kazi za kufanya, watumie fedha na siku zao kwa kurudi katika mji waliosomea, kwa sababu tu waliketi zamani katika darasa moja? Mama mmoja wa jamaa ametuandikia kwa uchungu. Mume wake alichukua fedha za mbuzi waliyemwuza, akapanda gari, akaenda kukutana na wenzake wa zamani. Aliporudi hakuwa na habari nyingine ila za nyama iliyoliwa na nyimbo zilizoimbwa. Mama huyo auliza: "Katika hayo yote, sisi wa nyumbani tumepata nini?"

Swali lake ni la haki, wala hatutalijibu kwa methali peke yake. Tutalijibu kwa kueleza safari tuliyoifanya sisi wenyewe mwezi wa Agosti 2024, tulipokwenda Baraka na Fizi pamoja na wenzetu tuliomaliza nao masomo ya sekondari mwaka 2009. Msomaji atapima mwenyewe kama safari hiyo ilikuwa na faida au hasara.

Darasa letu lilivyokuwa

Baraka ni mji wa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mbele yake pana ghuba, na ng'ambo ya ghuba yaonekana rasi ndefu ya Ubwari. Fizi iko juu milimani, upande wa kusini-magharibi. Atakaye kuelewa darasa letu hapana budi akumbuke kwanza yaliyoipata nchi hiyo.

Mwaka 1996 vita vilipofika pande hizo, maelfu ya watu walipanda mitumbwi, wengi wao usiku, wakavuka ziwa mpaka Kigoma. Huko Tanzania walipokewa katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, na wengi walikaa miaka tisa na zaidi. Tangu Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Basi shuleni waliketi pamoja watoto waliorudi kambini na watoto waliobaki, ambao walikuwa wamesoma kwa vipande, mwaka mmoja shuleni na mwaka mmoja porini. Waliotoka ng'ambo waliitwa "Watanzania", nao hawakupenda jina hilo. Waliobaki waliitwa "watu wa msituni", nao hawakulipenda vilevile. Baada ya miezi michache majina yote mawili yalikufa, maana mtihani wa hesabu haukumwuliza mtu alikokuwa wakati wa vita.

Tulikuwa 31. Wengi wetu ni Wabembe, lakini walikuwamo pia Wafuliiru, Wazoba wa ziwani, na kijana mmoja Mnyamulenge kutoka Minembwe, kwenye nyanda za juu. Huyo hakuwa Mkatoliki. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini katika kanisa la Kiprotestanti. Alipewa chumba nyumbani kwa katekista mmoja, naye alitushinda sote katika Kifaransa.

Baada ya mtihani wa serikali tulitawanyika kama ndagala walioponyoka wavuni. Wengine walikwenda Bukavu kusoma ualimu au uuguzi. Wengine walishuka Misisi kuchimba dhahabu. Wawili walirudi Nyarugusu, na kutoka huko wakapelekwa Marekani. Wanne wamekwisha kuitwa na Mwenyezi Mungu: mmoja wakati wa kujifungua, mmoja ziwani, mmoja kwa risasi njiani, na mmoja kwa maradhi. Miaka 15 ilipita pasipo kuonana.

Kilichotukusanya

Tarehe 18 Agosti 2024, siku ya Dominika, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu, aliwatangaza kuwa Wenyeheri mashahidi wanne wa Baraka na Fizi. Wenzetu wengi walikuwa wamekusudia kufika huko na jamaa zao. Mmoja akasema: "Kama twafika Uvira, tutakosaje kwenda mpaka Baraka?" Ndivyo safari yetu ilivyoanza.

Kwa ajili ya wasomaji wadogo, wanafunzi, yafaa tueleze mashahidi hao ni nani, maana wazee huzungumza juu yao kama watu wanaojulikana na wote.

Mwaka 1958 wamisionari Wasaveri, watu wa shirika lililoanzishwa Parma, Italia, na Mtakatifu Guido Maria Conforti, walifika nchi ya Uvira. Miaka sita baadaye uasi wa Simba ulienea mashariki yote ya Kongo. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli kutoka Ubelgiji waliteremka Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, na hasira ya waasi juu ya wageni ikazidi kuwaka. Siku nne baadaye, tarehe 28 Novemba, gari la jeshi lilisimama mbele ya misheni ya Baraka. Mkubwa wa waasi alimwamuru Bruda Vittorio Faccin apande garini. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, naye akaamriwa kupanda. Hakukubali kuondoka, alichagua kufa mahali pale alipolala ndugu yake, akapiga magoti kando yake, akauawa. Usiku wa siku ile gari lilipanda mpaka Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, taa mkononi, akauawa. Na pamoja naye Padri Albert Joubert.

Wako watu wasemao: "Hao waliuawa kwa kuwa ni Wazungu; vita ni vita." Lakini Padri Joubert alizaliwa Kongo mwaka 1908, huko Mrumbi, karibu na Moba. Baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, na mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa Mwafrika. Nchi hii ilikuwa nchi yake kama ilivyo yetu. Jambo jingine lilitugusa sana siku ile ya Uvira, umri wao uliposomwa: Faccin alikuwa na miaka 30, Carrara 31, Didonè 34. Tulitazamana. Ni umri wetu sisi. Tangu utoto tulikuwa tukiwaona katika mawazo yetu kama wazee wenye ndevu nyeupe, kumbe ni vijana ambao wangeweza kuketi darasani nasi.

Jina moja katika orodha

Jioni ya Dominika ile tulikusanyika Uvira tupange safari. Tulikuwa 11. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni mwuguzi, alikuwa ametunza nakala ya orodha ya darasa kama mwalimu wetu alivyoiandika, majina 31 kwa mpangilio wa alfabeti. Shauri lilikuwa kwamba orodha hiyo isomwe darasani kwetu, na kila jina liitikiwe: aliyepo kwa nafsi yake, asiyekuwepo na wenzake kwa niaba yake.

Hapo mmoja wetu alisema: "Msilisome jina la yule wa Minembwe."

Wote tulinyamaza. Twaomba msomaji asimhukumu upesi mtu huyo. Siku za mwisho za mwaka 1998, wakati wa vita vya pili, askari waasi waliua mamia ya raia kule Makobola, kijiji kilicho kusini ya Uvira, mauaji yakaendelea mpaka mwanzo wa mwaka 1999. Katika hao walikuwamo mjomba wake na wanawe. Tena tangu mwaka 2017 vijiji vya nyanda za juu vimechomwa kwa zamu, vya Wanyamulenge, vya Wabembe, vya Wafuliiru na vya Wanyindu. Na kila upande huhesabu makaburi yake tu. Mtu huyo hakusema kwa ubaya wa moyo. Alisema kama mtu aguswaye penye jeraha.

Mwingine alijibu ya kuwa yule wa Minembwe hakumwua mtu, na kwamba mwaka 1998 alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mabishano yakaanza, na sauti zikapanda. Ndipo mwuguzi yule, ambaye hupenda kunyamaza, akasema maneno machache: "Orodha hii sikuiandika mimi, wala hakuiandika mmoja wenu. Iliandikwa na mwalimu. Sisi hatuna ruhusa ya kuikata." Akaikunja, akaitia katika mkoba wake. Hatukupatana usiku ule, lakini hakuna aliyerudi nyumbani.

Kesho yake tuliingia garini. Tulipofika Makobola, yule aliyekataa aliomba dereva asimame. Tulishuka sote. Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria, na tukawaombea marehemu raha ya milele. Alisimama kitambo, kisha akarudi garini. Hakuna aliyemhubiria. Kuna saa ambazo mahubiri ni kelele tu.

Mji tulioukuta

Baraka ya leo si ile tuliyoiacha. Imejaa watu. Maduka yamefuatana barabarani, pikipiki hazina idadi, na Wakongo waliokimbia milimani wanaishi huko pamoja na wenyeji. Kaskazini ya mji, kule Lusenda, iko kambi ya wakimbizi Warundi iliyofunguliwa mwaka 2015. Tuliguswa kuona hayo: sisi tuliopokewa ng'ambo tulipokuwa watoto, sasa nchi yetu ndiyo inayopokea wengine.

Shule tuliikuta mahali pake, na mwembe nyuma yake. Paa limepigwa viraka, madawati ni machache kuliko wanafunzi, na mbao za kuandikia zimefifia mpaka chaki haishiki tena. Msomaji ajua ya kuwa tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo imeondoa ada katika shule za msingi za serikali na zile za misheni zilizo chini ya mkataba nayo. Lakini kwa sekondari mzazi bado hulipa, na asiyekuwa na kitu humrudisha mtoto shambani.

Tulikwenda kumwamkia mwalimu wetu wa hesabu, ambaye amestaafu. Alikuwa ameketi kivulini akichambua mbegu za maharagwe. Alitutazama mmoja mmoja, akatuita kwa majina pasipo kukosea, na kwa wengine aliongeza na alama walizopata. Mmoja wetu ni mfanyabiashara mwenye magari mawili. Mwalimu alimwambia: "Mwanangu, wewe hukujua kugawanya." Mfanyabiashara akajibu: "Bwana Mwalimu, hata leo sijui; huzidisha tu." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Kisha mzee akauliza: "Katika ninyi, wanaofundisha ni wangapi?" Mikono mitatu iliinuliwa. Akasema: "Mishahara ninyi mnaijua. Sitawaambia uongo kwamba mtatajirika. Nawaambieni tu ya kuwa leo mmekuja kunitazama, wala hamkwenda kumtazama mkusanya kodi." Maneno hayo tumeyatia moyoni.

Aliyeogopa kuja

Mwenzetu wa kumi na mbili anaishi Baraka kwenyewe, lakini hakuja kutulaki. Asubuhi ya Jumanne tulimfuata ufukoni. Tulimkuta akishona wavu, taa za kuvulia ndagala zikiwa kando ya mtumbwi. Alisimama kwa haya, akasema: "Ndugu zangu, ninyi mmesoma, mmesafiri. Mimi sina la kusimulia."

Jambo hili twataka jamaa zote zilitie maanani. Mikutano ya wenzi wa zamani huweza kugeuka upesi kuwa mizani: nani ana gari, nani ana nyumba ya matofali, nani anaishi Ulaya. Aliye chini ya mizani hubaki nyumbani, na kwa kubaki kwake wenzake humsahau mara ya pili. Mfanyabiashara yule wa magari mawili ndiye aliyeketi mchangani wa kwanza, akashika upande wa wavu, akasema: "Basi tuoneshe panapotakiwa kushonwa." Saa moja ikapita hivyo. Tulipoondoka, mvuvi alikuja pamoja nasi, akiwa amebeba beseni la mikebuka. Kati ya wote 12, yeye peke yake alileta chakula, nasi tulikula samaki zake kwa ugali na sombe mpaka jioni.

Majina 31

Alasiri ile tuliketi darasani, kila mtu karibu na mahali pake pa zamani. Mwuguzi alifungua karatasi, akaanza kusoma. Aliyekuwepo aliitika: "Nipo." Kwa wasiokuwepo tuliitika: "Yuko safarini." Kwa wale wanne tuliitika: "Yuko kwa Bwana," na kila mara tulifanya ishara ya msalaba.

Akafika kwenye jina la yule wa Minembwe, akalisoma kwa sauti ileile. Tuliitika: "Yuko safarini." Aliyekataa Uvira hakuitika. Alitazama dirishani. Lakini hakutoka, na msomaji aliendelea mpaka mwisho.

Kisha mmoja wetu alipiga simu Nairobi, anakoishi mwenzetu huyo na jamaa yake. Simu iliwekwa juu ya dawati ili wote tusikie. Aliuliza kwanza habari za mwembe, kisha habari za mwalimu. Mara akamtaja kwa jina yule aliyekataa, akauliza: "Mama yako hajambo? Bado anauza ndagala sokoni?"

Hapo wengi wetu tulijifunza jambo ambalo hatukulijua. Mama huyo, ambaye kaka yake aliuawa Makobola, kila Jumamosi alikuwa akimwita kijana wa Minembwe nyumbani kwake, akampa chakula, kwa kuwa alikuwa mtoto aliye mbali na mama yake. Hakumweleza mtu sababu zake. Mwanawe alikuwa akila sahani moja na kijana yule.

Mwenzetu aliinuka, akachukua simu juu ya dawati, akasema: "Mama alifariki mwaka 2020." Kisha akatoka nayo nje, akaenda chini ya mwembe. Alikaa huko kitambo kirefu. Waliyoyasema hatuyajui, wala hatukuuliza. Aliporudi alisema tu ya kuwa mtandao umekatika, akairudisha simu kwa mwenyewe.

Hatusemi kwamba siku ile vita vya nyanda za juu viliisha. Havikuisha. Twasema kwamba orodha ilisomwa nzima.

Fizi

Siku ya Jumatano tulipanda Fizi. Barabara ni ya udongo, yenye mashimo na mawe, na mara mbili tulishuka kusukuma gari. Njiani tulifikiri juu ya gari lile lililopita hapo usiku wa mwaka 1964. Fizi tulisikiliza Misa takatifu kwa ajili ya wenzetu wanne marehemu. Mwenzetu mmoja, ambaye leo ni padri, ndiye aliyeitoa. Katika mahubiri alisema neno moja tu juu ya Padri Carrara: kwamba alipoamriwa kupanda garini aliulizwa, pasipo maneno, ni nani aliye wake, naye alijibu kwa kupiga magoti kando ya ndugu yake. Mhubiri hakumtazama mtu yeyote aliposema hayo, nasi hatukutazamana.

Baada ya Misa tulifanya shauri. Wenzetu wanne marehemu waliacha watoto, na sita kati yao wamefikia umri wa sekondari, au wanaukaribia. Tuliahidiana kila mmoja kutoa dola tano kwa mwezi. Swali likawa: nani atunze fedha? Mfanyabiashara alikuwa wa kwanza kusema: "Mpeni mvuvi. Yeye yuko hapa, watoto wanamjua, na shule i karibu naye." Basi mwenzetu aliyesema hana la kusimulia ndiye mweka hazina wetu. Kila muhula hutuletea hesabu, na risiti za shule zikiwa pamoja.

Ahadi hiyo imekwisha kujaribiwa. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Mabenki yalifungwa, na wenzetu wawili waliokuwa wakifundisha huko walitawanyika na jamaa zao, wala hawakuweza kutoa tena sehemu yao. Hatukuwadai. Wengine waliongeza kidogo, na kati ya walioongeza ni yule wa Nairobi. Watoto hawakufukuzwa shuleni.

Jibu letu kwa mama wa jamaa

Sasa twamrudia mama aliyetuandikia. Mama, una haki kuuliza. Lakini usimwambie mume wako asiende tena. Mwulize mambo manne kabla hajapanda gari.

Kwanza, mwulize kama wataomba Misa kwa ajili ya wenzao marehemu, na kama wanajua majina ya wajane na yatima walioachwa. Wenzi wa zamani wakutanao pasipo kuwakumbuka wafu wao, mkutano wao haupiti wa walevi kwa thamani.

Pili, mwulize ni nani aliye maskini kuliko wote katika darasa lao, na ni nani aliyetumwa kumwita. Kama hakutumwa mtu, basi yeye mwenyewe akamwite.

Tatu, mwulize kama watakwenda kumwamkia mwalimu. Mzee aliyewafundisha kuandika huenda amekaa miaka kumi pasipo kusikia asante. Kilo ya sukari na nusu saa ya mazungumzo havimfilisi mtu.

Nne, nalo ndilo gumu, mwulize kama katika orodha yao liko jina ambalo hawataki kulisoma. Kwa sababu ya kabila, kwa sababu ya ugomvi wa fedha, kwa sababu ya siasa au dini, karibu kila darasa lina jina la namna hiyo. Na kila jamaa pia.

Fedha za mbuzi ni za nyumba nzima. Kwa hiyo mume na mke wapange pamoja kiasi cha nauli na kiasi cha sadaka, wala asiondoke mmoja na fedha zote, akimwacha mwenziwe na maswali. Na arudipo, awakalishe watoto, awasimulie: mwalimu wetu alisema hivi, mwenzetu fulani alifariki, mwenzetu fulani tumepatana naye. Kwa njia hiyo watu wa nyumbani nao watakuwa wamesafiri.

Nanyi wanafunzi msomao ukurasa huu, tazameni leo walioketi kulia na kushoto kwenu. Mnabishana juu ya kalamu na mahali pa kukaa. Baada ya miaka 15 mmoja wenu atakuwa padri, mwingine mvuvi, mwingine mkimbizi katika nchi ya mbali, na mwingine atakuwa kaburini. Andikeni majina yenu yote katika daftari moja, mlitunze, wala asipatikane mtu wa kufuta hata moja.

Wenyeheri Luigi, Vittorio, Giovanni na Albert, mashahidi wa Baraka na Fizi, mtuombee.